Kondo, Kaka wa Bi Tatu

Kazi yangu ni kutazama watu wasiosikika. Chumba chetu cha kamera kiko chini ya jengo refu huku West Bay, Doha, na ukuta mzima wa mbele ni skrini. Watu wanaingia, wanatoka, wanapanda lifti, wanazungumza kwa simu. Midomo inakwenda na hakuna neno linalotufikia. Nimezoea. Lakini juzi asubuhi mhudumu mmoja alikuwa anavuka ukumbi wa chini na sinia la vikombe, sakafu imetoka kufutwa, mguu ukamponyoka. Akazunguka mzunguko mzima, sinia juu, akatua kitako na sinia mapajani, na hakuna kikombe kilichoanguka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akarekebisha tai.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Nani kasema nimeanguka? Nimekaa. Mzaramo akichoka anakaa."

Achieng', mwenzangu wa zamu, Mkenya wa Kisumu, alicheka mpaka chai yake ya karaki ikamwagika mezani. Chumba chote kikanuka maziwa na iliki.

"Wee Chausiku, hiyo sauti umetoa wapi? Hiyo si yako, aki."

"Ya baba yangu."

"Kwani alikuwa mchekeshaji?"

Nilichukua kitambaa nikafuta meza. Baba hakuwa mchekeshaji. Mchekeshaji alikuwa mtu mwingine, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia. Na asubuhi hiyo, kwenye basi la kampuni kutoka Al Wakrah tunakolala, nilikuwa nimesoma ujumbe wa mdogo wangu Rama: Dada, Bi Tatu ametutoka. Tunazika baada ya adhuhuri. Nilikuwa nimekuja kazini nao mfukoni, sijamwambia mtu. Ile iliki ndiyo iliyonimaliza. Bi Tatu alikuwa akinuka hivyo, iliki na unga wa mchele, maisha yake yote.

Tulikuwa tunakaa Kilosa, karibu na stesheni. Baba alikuwa na banda la video: mabati juu, magunia meusi pembeni ya kuzuia mwanga, mabenchi ya mbao, televisheni moja yenye mgongo mkubwa, na jenereta nyuma lililofungwa kwa mnyororo kama mbwa. Wakati ule wa kanda, watu walitaka filamu za mateke na za Kihindi, na walitaka zisemwe kwa Kiswahili. Baba alikaa juu ya kreti la soda kando ya televisheni, ameshika maiki aliyoivika soksi, akawasemea wote: jambazi, polisi, mama wa jambazi, hata farasi. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kuongea kidogo nyumbani. Akishika ile maiki alikuwa mji mzima.

Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya watoto, na Jumamosi mchana ilikuwa ya Kondo.

Kondo alikuja ndani ya katoni. Mzungu mmoja aliyekuwa anafanya kazi za reli alipomaliza mkataba aliuza vitu vyake, na chini ya masufuria kulikuwa na katoni la kanda ambazo maganda yake yameliwa na mchwa. Baba alizileta nyumbani akidhani ni filamu za kawaida. Akaziweka, hakuna sauti. Akagonga deki, akabadili waya, akafungua spika. Hakuna sauti. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, mtu mwembamba uso mweupe pe, kofia ndogo kichwani, anakimbizwa na kundi la maaskari wanene. Baba alikuwa karibu kuzima. Ndipo yule mtu akaparamia ngazi, ngazi ikasimama wima haikuegemea kitu, akabaki juu yake anayumba huku na huku kama bendera, maaskari chini wanamsubiri, naye akavua kofia akawasalimu. Baba akasahau kuzima.

Katika zile filamu nyingine sauti ilikuwepo, Baba aliifunika tu. Huyu hakuwa na kitu. Baba alisema: huyu anasubiri mtu wa kumsemea.

Akampa jina la Kondo, na kwa kuwa sisi ni Wanyamwezi, na kwa kuwa mlangoni pa banda alikaa Bi Tatu, Mzaramo, na karai lake la vitumbua, Baba akamfanya Kondo kuwa Mzaramo. Watani hawahitaji sababu zaidi ya hiyo. Kondo akikanyaga reki ikampiga usoni, Baba alisema kwa sauti ya puani, taratibu, ya mtu asiye na haraka na dunia: "Hii reki ni ya Mnyamwezi. Imeniona tu, imenikumbuka."

Bi Tatu alipokea kutoka mlangoni bila kugeuza uso kwenye karai. "Juma, muache kaka yangu. Babu zenu walibeba meno ya tembo mpaka pwani, wakasahau njia ya kurudi, leo mnacheka watu wanaoanguka?"

"Dada," Kondo alijibu ndani ya maiki, huku ananing'inia kwenye mshale wa saa ya ukutani, "afadhali mimi naanguka. Mzaramo mwingine nazi ikidondoka anaisubiri ijikune yenyewe."

Watoto tulikuwa tunapigana mabega kwa kicheko. Na mimi, katika wote hao, nilikuwa na jambo langu ambalo sikumwambia mtu: niliamini kabisa kwamba Kondo alikuwa kaka yake Bi Tatu. Nilikuwa na ushahidi. Bi Tatu alimwita kaka mbele za watu, naye akamjibu dada. Na uso wa Kondo ulikuwa mweupe kama uso wa Bi Tatu ulivyokuwa kila alfajiri, alipokuwa anachekecha unga wa mchele, vumbi lote likimkaa mashavuni na kwenye nyusi. Niliona ni ukoo wa watu wa unga. Siku moja nilimuuliza.

"Bi Tatu, kaka yako atakuja lini?"

Hakucheka. Aligeuza vitumbua vyake na kijiti, kimoja baada ya kingine, akanitazama vizuri. "Akishamaliza kuanguka, mwanangu."

Jibu hilo lilinitosha kwa muda mrefu.

Baba alizipanga zile kanda. Hakuna kilichoandikwa cha kumwongoza. Alimtazama Kondo mwenyewe. Alitazama magoti. Alituita mimi na mdogo wangu Hamisi, anasimamisha picha, anaonyesha kwa kidole. "Hapa ni kijana. Mwone anavyotua, kama paka." Katika kanda hizo za mwanzo Kondo alivaa suruali ya kuazima na alikuwa mmoja tu kati ya wengi wanaokimbia, ungemtafuta. Kisha akaanza kukimbia yeye mbele na wengine nyuma. Kisha akapata koti zuri, akapata gari dogo linalovunjika vipande viwili kila filamu, akapata mwanamke wa kumngojea dirishani. Alianguka kutoka kwenye paa la treni, kutoka ghorofani, kutoka mgongoni mwa farasi hadi kwenye pipa la rangi. Na kila mara, kila mara, aliinuka, akapangusa kofia kwa kiwiko, akaivaa. Baba alimsemea maneno yale yale: "Nani kasema nimeanguka? Nimekaa." Banda zima tulisema naye.

Halafu magoti yakaanza kuchoka. Baba alituonyesha hata hilo. "Mwoneni. Anaanza kuanguka, picha inakatika, tunamwona yuko chini. Katikati pale kuna mtu mwingine ameanguka kwa niaba yake." Koti zuri likawa lile lile filamu baada ya filamu.

"Kwa nini?" Hamisi aliuliza.

"Sinema zilijifunza kusema," Baba alisema. "Yule Mzungu aliniambia. Zikatakiwa sauti. Yeye walipomsikia hawakuipenda yake."

"Ilikuwaje?"

"Sijui. Ndiyo maana nimempa hii."

Kulikuwa na kanda ya mwisho ambayo sikuipenda. Ndani yake Kondo ni mzee, na filamu si yake. Wanene wawili wapya wanarushiana keki hotelini, na nyuma yao kuna mlango, na mtu aliyeshika mlango huo ni Kondo. Haanguki. Anafungua, watu wanapita, anafunga. Mara ya kwanza Baba alipoionyesha, alimwacha bila neno. Banda likawa kimya, tunasikia jenereta tu.

"Juma," Bi Tatu aliita kutoka mlangoni, "msemee ndugu yangu. Mbona unamnyima?"

Baba aliinua maiki, akaishusha, akaiinua tena. Mlango ulipofunguka kwenye picha, akasema polepole, "Piteni tu. Mimi nimeshika mlango."

Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo kanda hiyo ikitoka katonini mimi nilikwenda nje kumsaidia Bi Tatu.

Mama alikuwa ameshaondoka wakati huo. Aliondoka duniani siku aliyomleta Rama, akazikwa kwao milimani bila sisi watoto kwenda, na sina mengi ya kusema hapo zaidi ya kwamba nilijifunza kumbeba mtoto mgongoni nikiwa bado napenda kubebwa. Jumamosi Rama alilala mgongoni mwangu bandani, Baba anasema na watoto wanapiga kelele, na hakuamka. Nafikiri sauti ile ilimwingia usingizini. Au ndivyo ninavyopenda kufikiri.

Jumamosi moja, mawingu ya masika yamekaa vibaya, bati moja la banda lilikuwa limeinuka na upepo. Watoto tulikuwa tumeshapanga foleni. Baba alipanda juu na nyundo na misumari mdomoni, kofia yake ya pama kichwani. Akapiga msumari wa kwanza, akapiga wa pili, akarudi nyuma kidogo kutazama kazi yake, na nyuma hapakuwa na paa.

Alianguka kama Kondo. Sijui namna nyingine ya kusema. Mikono ilizunguka, kofia ikabaki hewani peke yake, yeye akatua kwa mgongo juu ya benchi lililokuwa nje, benchi likakatika katikati. Foleni nzima ilicheka kwa furaha, nami nilicheka, kwa sababu tulijua kinachofuata. Na kweli kilifuata. Baba alikaa. Akasimama. Akaiokota pama, akaipangusa kwa kiwiko, akaivaa, akasema kwa sauti ya puani, "Nani kasema nimeanguka? Nimekaa." Tukampigia makofi.

Bi Tatu peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama, kijiti mkononi kinadondosha mafuta. "Juma, nenda hospitali."

"Mzaramo ananifundisha kuanguka?"

"Sina utani sasa hivi. Nenda."

"Watoto wameshalipa, Bi Tatu. Nikitoka humu nitakwenda."

Akaonyesha filamu yote. Akamsemea kila mtu, hata farasi. Alipotoka alikwenda kulala kwa ubavu, akasema ni uchovu tu, na keshokutwa yake alfajiri tulipoamka nyumba ilikuwa imejaa watu.

Nilikuwa chumba cha ndani, Rama mgongoni, Hamisi amenishika nguo. Wanawake walilia sebuleni, nami niliwaonea huruma kwa kutojua. Nilimwambia Hamisi kwa sauti ya chini, "Usilie. Atainuka. Si ulimwona juzi?" Hamisi alinyamaza, kwa sababu alimwona juzi. Tuliketi kitandani tukasubiri kama tulivyokuwa tukisubiri bandani, Kondo akiwa amefukiwa na matofali na picha imetulia, tunajua kofia itatokea kwanza.

Ndipo nikasikia sauti ya Baba uani.

Ilikuwa yenyewe. Ya puani, taratibu. "Mnalia nini? Nani kasema nimeanguka?" Na watu wakacheka, kicheko kile cha mtu mwenye machozi.

"Nilikwambia," nilimwambia Hamisi. Nikamshika mkono tukakimbia, tukapita katikati ya miguu ya watu, Rama anaruka-ruka mgongoni, mpaka uani.

Alivaa suruali ya Baba na koti la Baba na pama ya Baba. Uso ulikuwa mweupe kwa unga wa mchele. Mkononi alishika mwiko wenye soksi. Alikuwa Bi Tatu, anafanya kazi ya mtani msibani, kumwiga marehemu ili waliobaki wapumue. Mimi nilikuwa sijawahi kuona msiba mkubwa wa watu wetu. Nilisimama pale nikamtazama, naye akaniona, na sauti ya Baba ikakatika mdomoni mwake.

Angeweza kuivua kofia akanikumbatia. Wengi wangefanya hivyo. Yeye alitazama huku na huku, akazungusha mikono kama mbayuwayu, akaanguka mbele ya miguu yangu, chali, puu, vumbi likaruka. Watu wakacheka. Nikasubiri ainuke. Hakuinuka. Kicheko kikaisha, akaendelea kulala. Nikaanza kusikia kuku, nikasikia moto wa kuni unavyopasuka, na yeye bado amelala ananitazama kwa macho yale ndani ya unga. Kisha alisema kwa sauti yake mwenyewe, nisikie mimi tu:

"Mwanangu, huyu hainuki. Nimejaribu kila namna. Hainuki."

Unga ulikuwa umeloa mistari miwili chini ya macho yake.

"Niinue mimi," alisema.

Nikampa mkono, Hamisi akampa mkono, tukamvuta. Alikuwa mzito. Hapo ndipo nilipolia, na yeye akanishikilia, na nguo za Baba zilikuwa zinanuka iliki.

Baada ya siku za msiba, Baba Mkubwa, kaka yake Baba aliyetoka Tabora, aliitisha kikao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na shamba dogo, na alifanya hesabu ambayo mtu yeyote angefanya: Hamisi ataondoka naye, ana nguvu za kuchunga, mimi nitakwenda Dodoma kwa binamu yao anayetafuta msichana wa kazi, Rama atapelekwa kwa bibi mzaa mama, huko milimani. Nilisikiliza nikiwa nimeegemea mlango. Sikuelewa kifo vizuri, lakini hilo nililielewa. Nilikaza kanga iliyomshika Rama mpaka akalia.

Bi Tatu hakualikwa kwenye kikao. Aliingia na sinia la vitumbua, akaliweka chini, akanishika mkono mimi, akamshika Hamisi, akatuburuta mpaka katikati ya mkeka na kukaa mbele yetu, miguu ameinyoosha.

"Hawa nimewateka," alisema.

Baba Mkubwa alitabasamu kidogo. Mtani ana haki ya kuteka kitu msibani. Huchukua sufuria, hushika jogoo, hukaa mlangoni, na wenye msiba humkomboa. "Umewateka, Bi Tatu. Sema tukukomboe na nini."

"Nataka ng'ombe."

"Mzaramo na ng'ombe wapi na wapi? Utamfuga au utamwogopa?"

"Nataka ng'ombe anayejua kupiga mluzi."

Kikao kilicheka. Baba Mkubwa naye alicheka, akajifuta macho. "Haya. Sasa tuseme kweli, dada. Hawa watoto kesho wana safari."

"Kweli ndiyo hiyo. Nyinyi Wanyamwezi si mnasema mnajua ng'ombe? Nileteeni, apige mluzi hapa uani, nimsikie kwa masikio yangu, mchukue watoto wenu. Asipopiga, ni mateka wangu, wote watatu, wasitengane hata mmoja, maana mateka hagawanywi kabla ya kukombolewa." Aliendelea kutabasamu, lakini mkono wangu hakuuachia. "Au utani umekufa na Juma? Niambieni, nivue kofia yake nirudishe."

Bado alikuwa ameivaa ile pama.

Baba Mkubwa aliitazama kofia ya mdogo wake. Angesema hapana, ingekuwa hapana; Bi Tatu hakuwa ndugu, hakuwa na kitu zaidi ya karai na chumba kimoja cha kupanga. Lakini angemkatalia mtani mbele ya watu, na marehemu bado hajatimiza arobaini. Na nafikiri, sasa nikiwa mtu mzima, kwamba alifurahi mpango wake kukataliwa. Alichukua kitumbua kwenye sinia, akakimega.

"Huyo ng'ombe," alisema, "tutamtafuta."

Kila alipopita Kilosa baada ya hapo, miaka yote mpaka alipokufa, alisimama mlangoni na kuita, "Bi Tatu, bado hajui mluzi." Na Bi Tatu alijibu kutoka ndani, "Mfundisheni, nina haraka gani?"

Televisheni, deki na jenereta vilikwenda Tabora. Kanda hakuna aliyezitaka. Ziliota ukungu uvunguni. Hatukuwa tena na pa kuzionea. Ndipo Jumamosi mchana Bi Tatu alipoanza kuvaa pama, anashika mwiko, na Hamisi anakuwa Kondo, anaanguka kutoka kwenye kinu, kutoka kwenye kiti, na Bi Tatu anamsemea kwa sauti ya Baba. Rama alikaa mapajani kwangu anapiga makofi. Alikuwa anamsikia baba yake, nasi hatukumwambia vinginevyo mpaka alipokua.

Darasa la sita niliacha shule nikaingia kwenye karai, alfajiri kuchekecha, asubuhi kuuza. Hamisi na Rama wakaendelea kusoma. Sikulazimishwa, Bi Tatu aligomba wiki nzima, kisha akanipa kijiti cha pili. Nami nikaanza kusema kwa sauti ile nikiwa nageuza vitumbua, na wateja wakacheka. Nilijifunza kwake zaidi kuliko kwa Baba. Sasa nikijisikiliza sijui ni wapi Baba anaishia na Bi Tatu anaanza. Hatuna picha nzuri ya Baba, na sauti yake haikuwahi kurekodiwa. Alisema moja kwa moja, filamu ikiisha imekwisha. Tulichobaki nacho ni Mzaramo anayemwiga Mnyamwezi anayemwiga Mzaramo ambaye hakuwa Mzaramo. Na bado nikiisikia, mgongo wangu unanyooka.

Hayo yote nilimwambia Achieng' juzi, vipande vipande, kati ya simu za redio na watu wa lifti. Alinisikiliza macho kwenye skrini.

"Na leo nani atamfanyia yeye?" aliuliza. "Si ni zamu yenu sasa?"

Hilo ndilo lililokuwa limenikaa kifuani tangu kwenye basi. Msiba wa Mzaramo, mtani wake ni sisi. Mimi niko Doha. Hamisi anaendesha lori, alikuwa njiani kutoka Mwanza, asingewahi. Amebaki Rama, fundi umeme, mtu mzima mwenye mke, ambaye akiulizwa jina mbele ya watu hutazama viatu.

"Enda upige simu," Achieng' alisema. "Mimi nitashika hapa. Supavaiza akikuja nitamwambia ni tumbo."

Saa za Doha na za Kilosa ni zile zile. Jua la adhuhuri liliipiga sehemu ya kuegesha magari mpaka hewa ikawa inacheza. Nilisimama kwenye kivuli cha nguzo. Rama alipokea kwa picha. Nyuma yake niliona uani, ule ule, na watu.

"Dada, mimi siwezi."

"Umevaa?"

Alirudisha simu nyuma. Alikuwa amevaa dera la Bi Tatu, limemfika magotini, na pama. Usoni alijipaka unga. Nilitaka kucheka na nilitaka kuketi chini.

"Nimefikiria," alisema. "Nitatembea kwa mikono na magoti, niingie napiga mluzi. Niwe ng'ombe. Tumlipe."

"Hapana."

"Watu wote hapa wanaijua hiyo habari, Dada. Watacheka."

"Watacheka, ndiyo. Lakini ukipiga mluzi tumekombolewa. Mimi sitaki kukombolewa, Rama. Wewe unataka?"

Alitazama viatu. "Hapana."

"Basi nenda mlangoni, uzuie. Usimwache atoke hivihivi."

Akampa mtu simu amshikie. Nilimwona akienda mlangoni, mabega yamejikunja, akasimama katikati na kutanua mikono. Wazee wa Kizaramo walikuwa wameshainua jeneza. Mmoja alimpigia kelele ya utani, "We Mnyamwezi, toka njiani. Ng'ombe wetu yuko wapi?"

Rama akainua uso, akasema, "Bado hajui mluzi." Uani wote ukacheka, na Rama, mdogo wangu asiyejua kusema mbele za watu, alizungusha mikono na kuanguka chali kizingitini. Nikasikia kishindo. Hapo picha ikaganda, mguu mmoja juu, pama hewani. Nikaitikisa simu. Nikatoka kivulini kutafuta mtandao, jua likaniwakia kichwani, picha bado imeganda.

Sauti ikaendelea. Nilisikia mtu akijipangusa. Nilisikia watu wakinyamaza. Kisha Baba akasema, ya puani, taratibu, na maneno hayo sikuwahi kumfundisha Rama, kwa sababu kanda ile sikuipenda na sikuisimulia kamwe:

"Piteni tu. Mimi nimeshika mlango."

Nikasikia miguu ya wanaume wakipita na mzigo wao. Nilisimama pale juani, simu sikioni, mpaka wa mwisho akapita.